Mlango usioshikwa huuma: Chagua kizuizi kwa makini

Ukiingia katika nyumba nyingi za mjini utakuta karibu kila kitu kimechaguliwa kwa makini. Makochi yamepangwa, pazia limelinganishwa na rangi ya ukuta, na vitambaa vya kufunika meza vimefumwa kwa mkono vikapigwa pasi. Lakini hebu uliza swali moja dogo: mlango wa chumba ukitakiwa kukaa wazi, unashikwa na nini? Hapo ndipo utakapoonyeshwa tofali lililomeguka, kiatu kilichopoteza mwenzake, gazeti lililokunjwa mara nane au, Mungu apishe mbali, mtungi wa gesi.

Kizuizi cha mlango hakimo katika orodha ya vitu ambavyo watu huvinunua wanapohamia nyumba mpya. Hakuna bibi harusi aliyewahi kuletewa kabari kama zawadi. Hata hivyo, wahenga walituonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Juma hili tutakizungumzia kifaa hiki kidogo, kwa sababu mlango usioshikwa huuma, na mara nyingi wanaoumwa ni wale wasiojua kujitetea.

TUANZE NA VIDOLE

Mlango wa kawaida wa chumba una upana wa sentimita 80 hivi. Mtu anayeusukuma huweka mkono karibu na kitasa, yaani mbali kabisa na bawaba. Kidole cha mtoto kilichoingia kwenye ufa ulio upande wa bawaba huwa sentimita 2 tu kutoka pale mlango unapozungukia. Wanafunzi wanaosoma fizikia wanaijua habari hii kwa jina la wenzo: nguvu ndogo inayotumika mbali hugeuka kuwa kubwa inapofika karibu.

Gawanya 80 kwa 2 na utapata 40. Maana yake ni kwamba mtoto akiusukuma mlango kwa nguvu inayotosha kuinua pakiti moja ya sukari ya kilo 1, kidole cha nduguye kule kwenye bawaba hubanwa kana kwamba kimewekewa kilo 40. Huo ni uzito unaokaribia nusu gunia la mahindi, nao umewekwa juu ya mfupa mdogo kuliko penseli. Aliyesukuma hana kosa. Yeye alikuwa akicheza tu, wala hakuhisi uzito wowote mkononi mwake.

Ndiyo maana wazazi wanaosema, "Nimewaambia watoto wasicheze na mlango," bado hawajafanya lolote. Mtoto anayetambaa hushika anachokiona, na ufa wa mlango humvutia kama unavyomvutia paka. Mlango ulioshikwa vizuri hausogei, na mlango usiosogea haubani mtu. Kazi ya kwanza ya kizuizi ni hiyo, na mengine yote hufuata baadaye.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea, weka kidole kwenye maji baridi au kifunge kitambaa chenye barafu kwa dakika 10 hivi. Kama damu inatoka, kibane kwa kitambaa safi. Kidole kikipinda, kikishindwa kukunjika, au ukucha ukinyofoka, usingoje kesho. Mpeleke mtoto hospitali. Na iwapo kipande kimekatika, usikitupe. Kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha uuweke mfuko huo juu ya barafu, na uende nacho. Barafu isikiguse kipande chenyewe.

UPEPO HAUBISHI HODI

Mbali na watoto, kuna upepo. Nyumba yenye madirisha pande mbili hupitisha hewa vizuri, na hilo ni jambo jema. Lakini upepo ukiingia kwa dirisha la sebule na kutafuta njia ya kutokea jikoni, huupiga kila mlango unaokutana nao. Wanaoishi katika orofa za juu wanalijua vyema. Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanalijua zaidi, hasa kusi inapovuma katikati ya mwaka, kwa maana huko kuufunga mlango ili usigonge ni sawa na kujitia ndani ya tanuri.

Mlango unaogonga huharibu zaidi ya usingizi wa mtoto. Skrubu za bawaba hulegea, fremu hupasuka, na kitasa huacha kushika. Mlango ukifunguka kwa kishindo, mkono wa kitasa hutoboa lipu ya ukuta. Kama nyumba ni ya kupanga, shimo hilo utalikumbuka siku ya kuhama, mwenye nyumba atakapokuwa akipiga hesabu ya kile alichokikata kutoka kwenye amana yako.

SWALI LA FUNDI

Watu wengi hudhani kwamba kizuizi ni kizuizi tu. Siku moja nilimwendea seremala mmoja pale Gikomba, akiwa katikati ya maranda yake.

"Fundi, habari ya kazi?"

"Salama, mama. Leo unataka nini?"

"Nataka kabari."

"Ya kupasulia kuni?"

"La, ya mlango."

Alicheka, kisha akaokota kipande cha mbao miguuni pake. "Hii hata sikuuzii, mama. Lakini niambie kwanza, sakafu yako ni ya nini?"

Hilo ndilo swali ambalo wengi wetu hatujiulizi. Kabari haiushiki mlango kwa uzito wake. Huushika kwa kukwama kati ya mlango na sakafu, na kama sakafu ni laini kama sabuni, kabari ya mbao tupu itateleza nawe utabaki ukishangaa. Sakafu ya saruji isiyosuguliwa sana huishika mbao vizuri. Sakafu nyekundu iliyopakwa nta, au ya vigae, inataka raba. Zulia zito huimeza kabari fupi, kwa hiyo litahitaji ndefu zaidi au litahitaji kizuizi cha uzito.

KABARI, MFALME WA VIZUIZI

Kwa nyumba nyingi kabari yatosha. Ukiichonga mwenyewe au ukimwagiza fundi, zingatia mambo manne.

Kwanza, mteremko wake uwe wa pole. Kabari fupi yenye mgongo mrefu hurushwa nje mlango unapoigonga. Urefu uwe mara nne au tano ya kimo. Kama nafasi iliyo chini ya mlango ni sentimita 2, kabari yenye kimo cha sentimita 3 na urefu wa sentimita 13 au 14 itafaa.

Pili, mbao iwe ngumu. Mvule au mkaratusi hudumu, ilhali mbao laini hubonyea na baada ya muda ncha yake huchanika kama ufagio. Isugue kwa msasa ili isichome miguu.

Tatu, ipe kabari yako kiatu. Kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uubandike chini kwa gundi ya viatu, uache ikauke usiku kucha. Usitumie misumari, kwani raba ikichakaa vichwa vyake vitachora sakafu. Kabari yenye kiatu cha raba hushika hata kwenye vigae, mradi uifute vumbi mara kwa mara. Raba yenye vumbi huteleza kama mbao tupu.

Nne, iweke mahali pake. Wengi huisukuma kabari karibu na bawaba, au upande usiofaa. Iweke karibu na ule ukingo wenye kitasa, kwa sababu huko ndiko nguvu kidogo hutosha kuuzuia mlango. Ile hesabu ya wenzo iliyombana mtoto sasa inakusaidia wewe. Kisha iweke upande ambao mlango unataka kwenda. Kama upepo unataka kuufunga, kabari ikae upande huo wa kufungia, ncha yake ikiingia chini ya mlango. Kila mlango unaposukumwa, utazidi kuipanda kabari na kujikaza wenyewe.

Kabari za raba na za plastiki huuzwa tayari madukani. Chagua ya raba nzito isiyopindika kirahisi kwa vidole. Ile ya plastiki ngumu iliyo tupu ndani haina tofauti kubwa na kifuniko cha chupa.

MFUKO WA MCHANGA NA WENZAKE

Kuna milango ambayo nafasi ya chini yake ni kubwa mno kwa kabari, na nyingine ambayo haina nafasi kabisa. Hapa ndipo uzito unapofaa. Chukua mguu mmoja wa suruali kuukuu ya jinzi, ushone upande mmoja mara mbili, utie mchanga mkavu uliochujwa, kisha ushone upande wa pili na kuacha kitanzi cha kushikia. Lita mbili za mchanga mkavu hufikia kilo 3 hivi, na huo watosha kwa mlango wa chumba. Ukitaka, utie mchanga kwanza katika mfuko wa plastiki ili usivuje. Tafadhali usijaze maharagwe wala mchele. Utakuwa umewaandalia panya na wadudu karamu nyuma ya mlango wako.

Mwanafunzi anayeishi chumba cha kupanga, asiye na mfuko wala sindano, anaweza kutumia jerikeni ndogo ya lita 5 iliyojaa maji na kufungwa vizuri. Ina kilo 5, haivingiriki, na siku mifereji ikikauka ina kazi ya pili.

Mlango wa chuma wa nje ni mzito, na upepo ukiushika hauwezi kuzuiwa na kabari ndogo. Mlango huo unafaa kulabu nene iliyofungwa ukutani kwa skrubu, au komeo linaloshuka na kuingia katika tundu la sakafuni. Sumaku kubwa ya ukutani pia hufaa, kwa kuwa chuma hunaswa bila kuongezewa chochote. Ukifunga kulabu, iwe juu kuliko kichwa cha mtoto anayekimbia.

Halafu kuna kile kidude kifupi chenye kichwa cha raba ambacho hufungwa ukutani au sakafuni ili mlango usigonge ukuta. Mafundi wengi hukiita "stopa". Hiki hakiushiki mlango; hulinda lipu tu, na upepo ukigeuka mlango utafunga kama kawaida. Kwa hiyo kinafanya nusu ya kazi. Kikifungwa, kikae karibu na upande wa kitasa. Ukikiweka karibu na bawaba, kila mlango unapokigonga utakuwa unazing'oa skrubu. Na kama una mtoto anayetambaa, hakikisha kile kichwa cha raba hakitoki kwa kuvutwa, kwani kinaweza kumkaba koo.

Wenye watoto wadogo wanaweza kununua pia vipande vya sponji ngumu vyenye umbo la herufi C, ambavyo huvalishwa ukingo wa mlango kwa juu ili usifunge kabisa. Asiyekuwa navyo aning'inize taulo nene juu ya mlango, upande wa kitasa. Ni msaada mzuri, hasa kwa mtoto ambaye angeweza kujifungia chooni, ila usisahau kwamba upande wa bawaba bado unabana. Taulo haliondoi haja ya kabari.

VITU VISIVYOFAA

Mtungi wa gesi si kizuizi cha mlango. Ukigongwa kila siku, valvu yake yaweza kulegea, na mahali pa mtungi ni pale penye hewa, ukiwa umesimama imara. Betri kuukuu ya gari nayo si kizuizi; ndani yake mna risasi na asidi, na watoto hawajui hilo. Chupa ya kioo ikianguka huacha vigae vilivyopasuka na miguu iliyokatika. Jiwe lenye ncha huchubua vidole vya miguu usiku umeme unapopotea. Na kiti kilichoegemezwa kwenye mlango kitamwangukia mtu mzima kama kitakavyomwangukia mtoto.

Tukizungumzia watu wazima, mkumbuke nyanya na babu. Mzee ambaye haoni vizuri huburuta miguu anapotembea, na kabari iliyoachwa katikati ya njia itamwangusha. Ipake rangi inayong'aa, kama nyeupe au manjano, na isipokuwa kazini itungike kwenye msumari nyuma ya mlango kwa kamba fupi. Hivyo haitapotea, wala haitatupwa na mtoto nje ya dirisha.

JIKO LA MAKAA NA MLANGO WAZI

Kuna nyumba ambazo kabari huokoa zaidi ya vidole. Katika miezi ya baridi, hasa Julai, familia nyingi za Nairobi huingiza jiko la makaa ndani ya chumba na kufunga kila kitu ili joto lisitoke. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, nayo huendelea kutoka hata moshi unapokuwa umekwisha na makaa yakawa mekundu mazuri. Anayeivuta huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala. Wengine hawaamki.

Kama ni lazima upike kwa makaa ndani, fungua dirisha, na mlango uushike kwa kabari ili upepo usije ukaufunga huku umegeuka kukata sukuma. Lakini sitaki mtu yeyote anielewe vibaya. Kabari si ruhusa ya kulala na jiko. Chakula kikiiva, jiko litoke nje, hata kama meno yanagongana kwa baridi.

KIZUIZI KISIWE KIFUNGO

Nimeacha jambo kubwa zaidi hadi mwisho. Kizuizi chochote, kiwe cha kuufungulia mlango au cha kuufungia, lazima kiondoke upesi kwa mtu aliye ndani. Wapo wanaosukuma kabari nyuma ya mlango usiku ili mwizi asiusukume. Kwa mlango unaofungukia ndani, mbinu hiyo husaidia. Lakini kila aliye ndani ya nyumba, kuanzia mtoto anayejua kutembea hadi msichana wa kazi, aonyeshwe jinsi ya kuitoa gizani. Jaribuni pamoja jioni moja huku taa zimezimwa. Kama mtoto hawezi, kabari hiyo imekazwa mno.

Nchi hii imelipa karo kubwa ya somo hilo. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu iliutoa mwaka 2008 ulisema wazi kwamba milango ya mabweni ifungukie nje, na isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani. Enyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, mkiona mlango wa bweni umezuiwa kwa kitanda, sanduku au kufuli, msinyamaze. Mwambieni mwalimu, na asiposikia mwambieni mzazi.

Upande wa pili wa shilingi ni ile milango mizito ya ngazi katika majengo marefu, ambayo hujifunga yenyewe. Watu huiona kama kero na kuiwekea kabari ili wapite na mizigo. Milango ile iliwekwa ili moto ukizuka orofa moja, moshi usipande ngazini na kuwakatia njia walio juu. Huko kabari haina ruhusa hata kwa dakika tano.

Basi, mpenzi msomaji, Jumapili hii kabla ya chakula cha mchana, zunguka nyumba yako mlango kwa mlango. Kwa kila mmoja jiulize: unapigwa na upepo kutoka wapi? Sakafu yake ni ya nini? Nani hupita hapa, mtoto, mzee au wote wawili? Na kizuizi chake, je, naweza kukiondoa kwa teke moja la mguu nikiwa nimebeba mtoto mkononi? Mlango ukikosa jibu la swali hilo la mwisho, badilisha kizuizi leo. Kipande cha mbao na ukanda wa tyubu havitakufilisi.

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.